Moshi Chini ya Karatasi

Kila alfajiri kipaza sauti cha kijiji cha Solgol kilikwaruza juu ya nguzo yake kama mtu anayesafisha koo, kisha wimbo wa kuwaamsha watu ukaanza. Kumsil aliuchukia wimbo huo akiwa bado amejikunyata ndani ya mfarishi. Lakini akishanawa uso kwa maji baridi na kumpelekea ng'ombe uji wake moto wa mabua, alijikuta akiuimba mwenyewe, tena kwa sauti.

Vuli ile kulikuwa na mengi ya kuimbia. Mpunga ulikuwa umevunwa. Saruji ya serikali ilikuwa imeletwa na lori hadi penye daraja, na wanakijiji walikuwa wakisaidiana kwa zamu: leo wote kwa huyu, kesho wote kwa yule. Mapaa ya mabua ya mpunga, yaliyotaka kuezekwa upya kila mwaka, yalikuwa yakishushwa moja baada ya jingine, na vigae vya saruji vilivyopakwa rangi nyekundu na buluu vikipandishwa. Siku paa la kina Kumsil liliposhushwa, shomoro waliokuwa wakilala ndani ya mabua walizunguka juu ya nyumba mpaka jioni. Kila walipotua juu ya vigae, waliteleza. Bibi aliwarushia mtama uani.

"Poleni, majirani," aliwaambia. "Hata mimi sijazoea."

Kilichobaki kilikuwa chumba cha Bibi. Sakafu yake ilikuwa imewekwa na babu enzi za ujana wake, na sasa ilikuwa ikivuja moshi na kupitisha joto upande mmoja tu. Baba aliing'oa yote. Chini yake mawe bapa yalikuwa meusi tititi, na njia za moshi zimeziba kwa masizi. Majirani walisaidia kuzizibua, wakayalaza mawe upya na kuyakandika udongo mzito juu yake, ili moto wa jikoni upitishe joto lake chini ya chumba na moshi ukatokee kwenye dohani nyuma ya nyumba.

Kazi hiyo ilipokwisha, Baba alimwita Kumsil jikoni. Kumsil alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, naye ndiye mkubwa. Mdogo wake, Chilbok, alikuwa bado hajaanza shule.

"Mama yako yuko mjini anamtunza dada yake aliyejifungua," Baba alisema. "Mimi kutwa nitakuwa kwenye ujenzi wa daraja. Kwa hiyo jiko hili ni lako. Asubuhi konzi moja ya majani makavu ya msonobari, jioni konzi nyingine. Basi."

"Konzi tu? Udongo utakauka lini, Baba?"

"Utakapokauka. Udongo kama huu ni mgonjwa anayejifunza kula upya. Ukimlisha kwa pupa, utamwua. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Na kweli alielewa. Kila asubuhi alichuchumaa mbele ya jiko, akaweka konzi yake ya majani na kuyatazama yakiungua mpaka mwisho. Alijiona mtu mzima kabisa.

Shida ilianza njiani wakitoka shule. Chunsik, mtoto wa jirani yao, alikuwa anatembea kinyumenyume mbele ya wenzake ili aweze kumcheka Kumsil usoni.

"Jamani, kina Kumsil bado wanalala juu ya matope!"

"Hatulali huko. Chumba kinakauka."

"Kinakauka mpaka theluji ianguke. Jumapili kina mama wanakuja kubandika karatasi za sakafu kwetu."

"Mwongo! Jumapili ni zamu yetu."

"Zamu ni ya nyumba iliyokauka. Mama kasema mwenyewe." Mama yake Chunsik ndiye aliyekuwa kiongozi wa kina mama katika kazi za kijiji, kwa hiyo Chunsik alitembea na maneno ya mama yake kama beji kifuani. "Sakafu yetu ukiigonga inalia ngo, ngo. Yenu inalia pwata!"

Watoto wakaangua kicheko. Mmoja akaanza kukanyaga kwa miguu yote miwili, "Pwata, pwata!" na wengine wakamfuata hivyo mpaka njia panda.

Kumsil alifika nyumbani mashavu yakimwaka moto. Baba alikuwa darajani. Bibi na Chilbok walikuwa shambani wanang'oa figili za kutengenezea kimchi, ile achari ya kuliwa majira ya baridi. Kumsil aliingia chumbani na kubonyeza udongo kwa kidole gumba. Ukabonyea. Akaitazama ile alama ya kidole, kisha akaenda jikoni, na badala ya konzi ya majani akasukuma kwenye jiko gogo la msonobari. Baadaye akaongeza la pili.

Chumba kilianza kufuka mvuke. Udongo ulibadilika rangi, ukawa mweupe kuanzia upande wa jiko, ukinukia kama chungu kwenye tanuri. Kumsil alipiga makofi. Ndipo aliposikia *tik*. Kisha tena, *tik, tik*. Ufa mwembamba ulikuwa umetoka upande wa jiko, ukapinda, ukatoa matawi, ukakimbilia ukutani.

Alitoa magogo upesi na kuyamwagia maji, lakini ufa haukurudi ulikotoka. Kumsil alichanganya majivu na gundi ya unga, akazijaza zile nyufa kwa kidole. Zikajaa juu juu. Bado zilionekana, kama makovu. Basi akachukua magazeti ya zamani yaliyowekwa tayari kwa ajili ya kubandikwa kwanza, akayapaka gundi na kuyatandaza chumba kizima.

Baba aliporudi alishangaa. "Umeshaanza kubandika? Pamekauka?" Akagonga sakafu kwa kisigino.

"Pamekauka, Baba."

Neno hilo lilikuwa kweli. Ndiyo maana lilikuwa rahisi kulisema.

Jumapili kina mama wakaja kwao. Walibandika karatasi nene juu ya magazeti, kisha wakachukua mifuko ya kitambaa yenye soya iliyotwangwa na mafuta, wakaisugua karatasi kwa magoti na mikono, wakisimuliana habari za wakwe zao, mpaka sakafu ikawa ya manjano na kung'aa kama tunda la persimoni lililoiva. Bibi alisimama mlangoni bila viatu, anaogopa kuingia.

"Ingia, Mama, ni chumba chako," Baba alimwambia.

"Nitateleza kama wale shomoro," Bibi akajibu, na kina mama wakacheka mpaka wakaketi.

Walipomaliza, kila mtu aliketi barazani kula keki ya mchele yenye maharagwe mekundu, ambayo Bibi aliipika kwa ajili ya kukifungua chumba. Mama Chunsik alifuta mikono na kusimama kama kawaida yake alipokuwa na tangazo.

"Milima yetu imebaki kipara," alisema. "Msonobari hatukati tena. Tumekubaliana kuanzia msimu huu ni makaa ya mawe, haya ya matundu." Aliinua pande moja la makaa, jeusi, la mviringo, lenye matundu kutoka juu hadi chini. "Lakini nisikilizeni vizuri. Kuni zikivuja chini ya sakafu, utakohoa, utalia machozi, utatoka nje unatukana. Haya hayakohozi mtu. Hewa yake ya sumu huioni wala huisikii harufu. Mtu analala tu, asubuhi haamki."

"Si unampa maji ya kimchi anazinduka?" Chunsik aliuliza, mdomo umejaa keki.

"Maji ya kimchi ni ya kuteremshia wali, mpumbavu wewe! Mtu akilevywa na hewa hiyo unafungua milango, unamtoa nje upesi, unakimbilia hospitali. Na kabla ya hapo, unaziba kila ufa."

Kumsil aliweka keki yake chini. "Mama Chunsik," alisema polepole, "na kama ufa uko chini ya karatasi?"

"Karatasi?" Mama Chunsik alicheka. "Karatasi inazuia vumbi, mwanangu. Hewa inapita tu."

Kumsil aliitazama sakafu inayong'aa. Chilbok alikuwa akibingirika juu yake kama boga, kutoka ukuta hadi ukuta, akipiga kelele kwamba usiku huu atalala hapa na Bibi, hapa hapa, na hakuna mwingine. Baba alikuwa amekwisha kuwasha pande la kwanza la makaa uani.

Kumsil alimfuata Bibi, aliyekuwa akikunjua mifarishi.

"Bibi, leo ulale na mimi. Nitakukanda mgongo."

"Utanikanda huku huku kwangu."

"Huku kunanuka mafuta."

"Chumba hiki nimekingoja tangu babu yako yu hai, wewe unaniletea habari za mafuta?"

"Na panateleza. Utaanguka."

"Nikilala nitaanguka niende wapi?"

Kumsil alichukua mto wa Bibi, akatoka nao na kuuficha kati ya mitungi ya mchuzi wa soya. Mtu hawezi kulala bila mto. Lakini hakuwa hata amefika barazani, Chilbok akaja nyuma yake akiwa ameukumbatia. "Dada, umeangusha mto wa Bibi!"

Wakati huo Baba aliingia jikoni, pande la makaa lililoiva likining'inia kwenye koleo, jekundu kila tundu. Kumsil alikimbia akasimama mbele ya jiko.

"Ondoka hapo, utaungua!"

"Usiliweke, Baba."

"Kumsil, hiki kitu kizito. Toka."

"Sakafu imepasuka." Kumsil hakusogea. "Niliweka magogo. Nilitaka ikauke kabla ya kina Chunsik. Ikapasuka, nikaziba kwa majivu, nikabandika magazeti."

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na kila mtu barazani alikuwa amesikia. Baba aligeuka, akatoka nje na koleo lake, akaliweka pande lile juu ya jiwe katikati ya uani. Kisha akarudi, akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Nilipokuuliza, ulisema pamekauka."

"Palikuwa pamekauka."

"Ndiyo. Nami nilikuuliza jambo moja tu." Akavuta pumzi. "Bibi yako angelala pale. Na Chilbok."

"Najua, Baba." Machozi yalianza kumtoka, na Baba hakumfuta. Alimwacha alie kidogo.

Bibi ndiye aliyesogea kwanza. "Leteni matawi mabichi ya msonobari," alisema. "Mnanitazama nini? Mbichi hutoa moshi mwingi. Sumu haionekani, lakini moshi tutauona. Palipo na mdomo utatoka hapo."

Walisukuma matawi mabichi jikoni, wakawasha, na wote wakasongamana mlangoni kwa Bibi. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha, upande wa jiko, pale ambapo karatasi mbili zilikutana, ulitoka uzi wa moshi, mwembamba, wa kijivu. Ukafuatwa na mwingine. Kumsil alitamani sakafu immeze.

"Huo ndio wako," Baba alisema.

"Ndiyo."

"Na ule?"

Kila mtu aligeuka. Kwenye kona ya mbali kabisa, chini ya ukuta wa nyuma, moshi ulikuwa ukipanda mzito kama kwenye bomba.

Kumsil aliutazama kwa mshangao. "Ule si wangu, Baba. Kule hakukupasuka."

Baba alivuka chumba, akapiga magoti, akabandua ncha ya karatasi. Alikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipogeuka, masikio yake yalikuwa mekundu.

"Ule ni wangu," alisema. "Kona hii niliikandika mwishoni kabisa. Udongo ulibaki kidogo, giza linaingia, nikasema acha, karatasi itafunika."

Bibi alianza kutikisika mabega. Kumsil alidhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka meno yake yaliyobaki yanaonekana yote. "Kumbe ni ya ukoo!" alisema. "Na sisi tukadhani ni mtoto peke yake!"

Hapo hata Baba akashindwa kujizuia.

Lakini kicheko hakikurudisha karatasi. Ilibidi ibanduliwe yote, ile ile iliyosuguliwa asubuhi nzima. Mama Chunsik aliivuta kwa mikono miwili huku akiguna. "Vidole vyangu bado vinanuka soya. We Kumsil, ungekuwa wangu ningekufunga kwenye nguzo ya kipaza sauti." Kisha akasimama ghafla, kipande cha karatasi mkononi, kama mtu aliyekumbuka chungu jikoni. "Chunsik. Chukua hayo matawi yaliyobaki. Twende nyumbani."

"Kwetu kumekauka, Mama. Kunalia ngo, ngo."

"Nimesema chukua."

Haukupita muda, kikohozi kikasikika nyuma ya ukuta wa mawe. Halafu Chunsik akatokea juu ya ukuta, macho mekundu, masizi puani.

"Imevuja?" Kumsil alimuuliza.

"Penye kabati na penye dirisha." Akajifuta pua kwa mkono wa shati. Kumsil alikuwa na maneno tayari kwenye ncha ya ulimi, lakini alipomwona vile alivyokuwa, akayameza. Chunsik mwenyewe akasema, "Haya, cheka. Usije ukapasuka na wewe."

Wakacheka wote wawili.

Kesho yake asubuhi mwenyekiti wa kijiji aliwatangazia watu wote: nyumba yoyote isiwashe makaa kabla haijajaribiwa kwa matawi mabichi mbele ya jirani. Asilani mtu asijijaribie peke yake. Juma lile Solgol ilifunikwa na moshi kama vile inapikwa. Nyumba nyingi zilikutwa na midomo. Wenyewe walitoka nje wanakohoa na kuoneana haya, kisha wakaenda kuchota udongo.

Kumsil alichota udongo mwingi kuliko mtu yeyote. Alikatakata mabua, akayachanganya, akaukanyaga udongo kwa miguu peku mpaka nyayo zikafa ganzi, naye Chilbok akimshika mkono na kukanyaga pamoja naye, "Pwata, pwata!" kwa furaha isiyo na dhihaka. Baba aliikandika ile kona ya mbali kabla ya nyingine zote, mchana kweupe. Baada ya hapo ikawa ni konzi asubuhi na konzi jioni. Kina mama walibandika karatasi kwa kina Chunsik kwanza, kisha nyumba inayofuata, kisha inayofuata. Kumsil alikwenda kuwasaidia kusugua soya, akarudi nyumbani, akaweka konzi yake ya majani, akayatazama yakiungua.

Mama aliporudi kutoka mjini, na mzigo wa samaki wakavu kichwani, alichungulia chumbani, akakuta udongo mtupu.

"Jamani! Muda wote huu mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikuwa tunangoja, Mama," Kumsil akasema.

Theluji ya kwanza ilianguka siku ambayo sakafu ilipigwa mafuta kwa mara ya pili. Mchana huo walichoma tena matawi mabichi. Mama Chunsik alikagua kona zote kwa magoti, shavu karibu ligusane na karatasi, na hakuona kitu. Watoto walikimbia nyuma ya nyumba wakapiga kelele kwamba moshi wote unatoka kwenye dohani, wote, mzito na mweupe katikati ya theluji. Ndipo Baba alipompa Kumsil koleo, akamshikia mkono, na kwa pamoja wakaliteremsha pande la makaa jikoni.

Joto lilichukua muda kufika. Lilipofika, Bibi aliweka kiganja sakafuni, akakisogeza hapa na pale kama anayempapasa mtoto mchanga, kisha akaketi na kumwita mjukuu wake.

"Unajua kwa nini sikukugombeza siku ile?" alimuuliza.

"Kwa sababu Baba naye alikosea."

"Hapana. Nyote wawili mlistahili fimbo." Bibi alimvuta akamkalisha karibu. "Nilikuwa nikiutazama ule moshi, nikawaza: makosa ya watu tumeishi nayo siku zote. Mtu anakosea kukandika, mtu anakosea kuchochea moto. Kosa la udongo linazibwa kwa udongo. Lakini ulipotandaza magazeti juu yake, hakuna aliyeweza kuliziba, maana hakuna aliyelijua. Kijiji kinajengwa upya, vizuri sana, napenda hivyo vigae. Vigae vinaonwa na kila apitaye. Mimi hapa ninalala juu ya kitu ambacho siwezi kukiona, mjukuu wangu. Ninalala juu ya neno la aliyekikandika. Ukiharibu, sema. Ukisema mapema utaona aibu ya siku moja. Ukificha, mwingine ndiye atakayelipa."

"Ndiyo, Bibi."

"Na kazi inayotaka muda, ipe muda wake. Hilo mwambie na baba yako." Alisema hivyo kwa sauti ya kumfika Baba jikoni, na Baba akakohoa.

Kisha Bibi akajinyoosha, akavuta mfarishi mpaka mabegani. Nje theluji iliendelea kuanguka juu ya vigae.

"Nyufa umezikagua?"

"Nimezikagua, Bibi. Na dirisha nimeliacha wazi kidogo."

"Basi nifungie mlango," Bibi alisema, na kabla Kumsil hajaufikia, alikuwa amekwisha kusinzia.